Tupande Dawa Nyumbani, Tujue na Mpaka Wake

Kila nyumba ya kijijini ina magonjwa yake madogo madogo. Leo mtoto anakohoa. Kesho mama ameungua kidole na sufuria. Keshokutwa baba ana kichefuchefu. Zahanati iko mbali, na duka la dawa linataka fedha. Sasa tufanyeje?

Wazee wetu walikuwa na jibu. Walijua majani, mizizi na magome ya miti. Walikwenda porini wakachuma, wakachemsha, wakatumia. Lakini siku hizi pori limekwenda mbali. Miti mingi imekatwa kwa kuni na mkaa. Na wazee wanaoijua miti hiyo wanapungua mwaka hadi mwaka.

Basi, ndugu wasomaji, mmea wa dawa usiupate porini tu. Uupande karibu na nyumba. Katika makala hii tutazungumza mambo matatu. Kwanza, mimea mitano ambayo haina taabu kuitunza. Pili, namna ya kukausha na kuhifadhi majani. Tatu, jambo kubwa kuliko yote: wakati gani mmea unatosha, na wakati gani lazima twende zahanati.

Serikali yetu haikuzidharau dawa za miti shamba. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha kuzichunguza pale Muhimbili, Dar es Salaam. Siku hizi kitengo hicho ni taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Kwa hiyo kupanda dawa nyumbani si ushamba wala si uchawi. Ni kazi ya maana. Lakini kila kazi ya maana ina masharti yake.

MAHALI PA KUPANDA

Bustani ya dawa haihitaji shamba kubwa. Hatua nne kwa hatua nne zinatosha. Kama huna nafasi, tumia ndoo iliyopasuka, sufuria kuukuu au gunia. Toboa matundu chini ili maji yapite. Changanya udongo mafungu mawili na samadi kavu fungu moja.

Chagua mahali karibu na jikoni, lakini mbali na choo na mbali na zizi. Majani ya kunywa yasiote penye uchafu. Zungushia miiba au fito, maana kuku na mbuzi hawajui kwamba hiyo ni dawa. Na tena usipulizie dawa za kuua wadudu wa pamba au wa mboga karibu na mimea hii. Utakunywa sumu huku unadhani unakunywa chai.

1. MSHUBIRI

Wengi wanauita alovera. Majani yake ni manene, yana miiba midogo pembeni, na ndani yana ute.

Kuupanda ni rahisi sana. Mama mshubiri huzaa vitoto pembeni. Chomoa kitoto kimoja chenye mizizi. Kiache kivulini siku mbili kidonda kikauke, kisha kipande penye jua na udongo usiotuamisha maji. Mimea mingi hufa kwa kiu. Mshubiri hufa kwa maji mengi. Wakati wa kiangazi mwagilia mara moja kwa wiki, basi.

Kazi yake ni kutuliza ngozi iliyoungua kidogo. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, mimina maji safi ya baridi juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Hii ndiyo huduma ya kwanza, na inazidi mmea wowote. Usipake unga, yai, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Pili, kata jani la mshubiri na ulioshe. Lisimamishe wima kwa robo saa mpaka utomvu wa njano umalize kutoka. Tatu, menya ganda, upake ule ute mweupe wa ndani.

Angalia hapo: mshubiri una vitu viwili. Ute mweupe unatuliza ngozi. Utomvu wa njano, ule mchungu, unaharisha kwa nguvu. Usiunywe. Mama mjamzito na mtoto wasiunywe kabisa.

Na tena mishubiri ya porini ni ya aina nyingi. Iko yenye sumu. Pata mbegu yako kwa mtu anayeujua mmea huu, si kando ya njia tu.

Kama mtu ameungua eneo kubwa kuliko kiganja chake, au ameungua usoni, au aliyeungua ni mtoto mdogo, usihangaike na mshubiri. Mwagia maji, mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati.

2. MCHAICHAI

Nani asiyeujua mchaichai? Ni nyasi ndefu zenye harufu ya limau. Ng'oa shina moja lenye mizizi kutoka katika kichaka cha jirani. Kata majani ya juu, panda shina hilo wakati wa mvua. Acha futi 2 kati ya shina na shina. Baada ya miezi michache utaanza kukata majani. Usikate mpaka chini kabisa. Acha kisiki kichipue tena. Vaa kitu mikononi, maana majani yake yana makali.

Mchaichai una faida ya pili. Ukiupanda mstari mmoja kukingama na mteremko, mizizi yake hushika udongo. Mvua haiuchukui.

Majani yake tunayanywa kama chai. Konzi moja ya majani kwa vikombe vinne vya maji, chemsha kidogo, kisha funika. Kinywaji hiki ni kizuri kwa mtu mwenye mafua au tumbo lililojaa gesi. Mgonjwa wa homa anahitaji kunywa maji mengi, na mchaichai unamsaidia kunywa kwa hamu. Lakini tusidanganyane: mchaichai hauponyi malaria.

3. TANGAWIZI

Wenzetu wa milima ya Upare, wilaya ya Same, wanalima tangawizi na kuiuza. Sisi tuseme ile ya nyumbani tu, ya gunia moja au mawili.

Nunua tangawizi sokoni, iliyonona na yenye macho. Jicho ni pale panapotaka kuchipua. Kata kipande cha ukubwa wa kidole gumba chenye jicho moja au mawili. Kifukie inchi 2 chini ya udongo, jicho likitazama juu. Tangawizi inapenda kivuli kidogo, kama chini ya migomba. Inapenda samadi. Inapenda unyevu, lakini maji yakituama inaoza. Ngoja miezi 8 hadi 10. Majani yakigeuka njano na kukauka, chimba. Weka akiba ya mbegu, usile zote.

Tangawizi husaidia kichefuchefu. Hili limechunguzwa na wataalamu, si hadithi. Kata vipande vichache vyembamba, tia katika kikombe cha maji ya moto, funika dakika 10, kunywa polepole. Mama mjamzito mwenye kichefuchefu cha asubuhi anaweza kunywa kidogo, lakini amwambie muuguzi wa kliniki.

Kwa kikohozi cha mafua wengi hutia asali. Ni sawa kwa mtu mzima na kwa mtoto mkubwa. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda.

4. KIVUMBASI

Kivumbasi ni ndugu wa mrehani. Ukisugua jani lake, harufu inapanda puani. Huota kwa mbegu. Huota hata penye udongo duni. Mbegu ni ndogo sana, kwa hiyo usizifukie kwa kina. Zinyunyize juu ya udongo laini, weka vumbi kidogo juu yake, mwagilia taratibu. Ukiukata kata mara kwa mara, unachanua matawi mengi zaidi.

Tangu zamani watu wa pwani na wa bara wametumia kivumbasi kufukuzia mbu. Utafiti uliofanywa Afrika Mashariki umeonyesha kwamba ni kweli, mimea ya jamii hii hupunguza mbu ndani ya nyumba. Panda kwenye makopo, uyaweke karibu na dirisha na mlango.

Lakini sikiliza vizuri. Tumesema hupunguza. Hatukusema humaliza. Mbu mmoja tu anatosha kuleta malaria. Kwa hiyo kivumbasi kiwe mlangoni, na chandarua chenye dawa kiwe kitandani. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Wengine hutumia kivumbasi kujifukizia. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wengi walipiga nyungu. Mvuke unaweza kumpa nafuu mwenye pua iliyoziba. Hauui vijidudu vya korona. Na sufuria ya maji yanayochemka ndani ya blanketi ni hatari, ikipinduka inaunguza mwili mzima. Mtoto asifukizwe kamwe.

5. MWAROBAINI

Mti huu asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani yake. Siku hizi umekuwa mwenyeji kwetu, hasa sehemu kavu kama Dodoma, Singida na Shinyanga. Hauogopi kiangazi. Mti mmoja unatosha nyumba nzima, na kivuli chake ni kizuri.

Panda mbegu mbichi. Mbegu ya mwarobaini ikikaa wiki nyingi hufa, haioti tena. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama, osha, panda mara moja. Mche ukifikia urefu wa futi moja, uhamishe. Weka hatua kumi kutoka kwenye nyumba.

Watu husema mti huu unatibu magonjwa arobaini, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Jina ni jina tu. Sisi tunashauri kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ngozi inayowasha: chemsha majani, acha maji yapoe, ogea. Kazi ya pili ni ghala. Majani yaliyokauka kivulini, ukiyachanganya na maharage au mahindi, hupunguza wadudu.

Kuunywa je? Hapa tunasema kwa nguvu: mama mjamzito asinywe mwarobaini, wala mama anayetafuta mtoto. Unaweza kuharibu mimba. Watoto wadogo wasinyweshwe. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa, na wengine wamekufa. Uchungu wa dawa si kipimo cha ubora wake.

KUKAUSHA NA KUANDIKA

Chuma majani asubuhi, umande ukishakauka. Chagua yasiyo na madoa wala wadudu. Yaoshe. Yatandaze kwenye ungo au jamvi safi, kivulini, penye upepo. Usianike juani, jua kali huondoa harufu, na harufu ndiyo yenye kazi. Jani likivunjika kwa kukwaruza, limekauka. Likikunjika tu, bado. Majani yenye ukungu yatupwe. Usionee huruma.

Tia majani kwenye chupa au kopo kavu lenye kifuniko. Na sasa, ndugu zetu tuliojifunza kusoma ukubwani, hapa ndipo kalamu yetu ina kazi. Majani yakishakauka yanafanana. Bibi alikuwa anatofautisha kwa pua na kwa kumbukumbu. Bibi akisafiri, nani atajua? Basi bandika karatasi juu ya kopo, uandike:

Jina la mmea.
Tarehe ya kuchuma.
Kazi yake.
Kipimo chake.
Nani asitumie.

Kwa mfano: "Mchaichai. Machi 10. Chai ya mafua. Konzi 1, vikombe 4. Si dawa ya malaria." Majani yaliyopita mwaka mmoja yaondoe, uweke mapya.

Jambo jingine. Chukua daftari la kurasa chache. Nenda kwa mzee anayejua miti, ukae naye, uandike anayokuambia. Andika na jina la mmea kwa lugha ya kwenu, maana mmea mmoja una majina mengi. Halafu mwonyeshe mganga wa zahanati. Elimu ya mzee ikiingia daftarini haizikwi.

MPAKA NI HUU

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Mtoto ana homa. Mama anasema, "Ngoja nimchemshie majani kwanza, kesho tukiona hajambo basi." Kesho ikija, mtoto amelegea. Keshokutwa ana degedege. Majirani wanasema ni shetani. Jamani, mara nyingi si shetani. Mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, na malaria hiyo huua mtoto kwa siku moja au mbili.

Mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa na homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Huko watamtoboa kidole, watapima damu, na majibu yanatoka kabla ya nusu saa.

Wengine watatuuliza: "Mbona dawa mseto yenyewe imetoka kwenye mmea?" Ni kweli kabisa. Wachina walitumia mmea unaoitwa artemisia kwa homa kwa zaidi ya miaka 1500. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa kike wa China, Tu Youyou, na wenzake, walifaulu kutoa ndani ya mmea huo kile kinachoua vijidudu vya malaria. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Nchi yetu ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2006.

Sasa kwa nini tusipande artemisia tukanywa chai yake? Sababu ni kipimo. Kidonge kimoja kina dawa sawa na kidonge kingine. Jani moja halina dawa sawa na jani jingine. Udongo, mvua na siku ya kuchuma vinabadilisha nguvu yake. Ukinywa kipimo pungufu, unaua vijidudu vichache. Vilivyobaki vinaizoea dawa. Tuliyaona hayo kwa klorokwini. Zamani kila mtu alimeza klorokwini akapona. Vijidudu vikaizoea, ikabidi mwaka 2001 iachwe kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Shirika la Afya Duniani nalo halikubali chai ya artemisia itumike kutibu au kuzuia malaria.

Kuharisha nako kuna mpaka wake. Mtoto anayeharisha hafi kwa sababu hakupata majani. Anakufa kwa sababu maji yamemwishia mwilini. Mpe dawa ya pakiti ya zahanati, ile ya kuchanganya na maji. Soma kwenye pakiti uone ni maji kiasi gani. Kama pakiti haipo, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaa mlima. Chumvi ikizidi ni hatari. Mnyweshe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Kisha umpeleke zahanati, apate na vidonge vya zinki.

Usichemshe majani yoyote, nenda zahanati mara moja, ukiona moja ya dalili hizi:

Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya.
Anatapika kila kitu.
Ana degedege, au amelegea, au hazinduki.
Anapumua haraka haraka au kwa shida.
Anaharisha damu, au macho yamebonyea ndani.
Mama mjamzito anatoka damu, anaumwa kichwa sana, au amevimba uso na mikono.
Mtu ameumwa na nyoka.

Na kama umeshampa mgonjwa dawa ya majani, usimfiche mganga. Mwambie ni mmea gani, ni kiasi gani, ni saa ngapi. Beba hata jani lenyewe. Wapo watu wanaoficha kwa kuogopa kugombezwa. Kugombezwa kunapita. Mganga asipojua, anaweza kutoa dawa isiyopatana na ile iliyo tumboni. Vilevile mwenye dawa za kila siku, kama za sukari, za shinikizo la damu, au za kupunguza makali ya ukimwi, asiziache kwa sababu ya mmea wowote.

TUANZE SASA

Mvua zikianza, tuanze na miwili: mshubiri mmoja na mchaichai mmoja. Kitoto cha mshubiri utapewa na jirani bure. Ukifaulu, ongeza tangawizi na kivumbasi. Mwarobaini upande mmoja kwa ajili ya kivuli na ghala. Ukiwa na ziada, mpe jirani mche, umpe na maneno yake: kazi yake, kipimo chake, na mpaka wake. Mche bila maneno ni nusu ya zawadi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mshubiri una vitu viwili ndani yake. Ni vipi? Kipi kinatuliza ngozi, na kipi kisinywewe?
2. Kwa nini tunaandika jina na tarehe juu ya kopo la majani makavu?
3. Jirani yako ana mtoto wa miaka miwili mwenye homa tangu jana, naye anachemsha majani. Utamwambia nini?
4. Ni nani asinywe mwarobaini? Kwa nini?
5. Katika kijiji chenu ni wazee gani wanaojua miti ya dawa? Nani atakwenda kuandika wanayoyajua?